Mtoto kawekwa kwenye turubai wenzie wanakimbia. Wana Tanga, tufanye mbio ambazo kila mtu anakimbia

Fundi Spoku

Wakuu salaam. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, sio mtu wa kuandika andika ila hili limenikaa rohoni tangu bonanza la mwezi uliopita ngoja nilitoe.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka 11, ana mtindio wa ubongo. Maneno hayatoki ila anaelewa kila kitu, ukimsengenya mbele yake anakutolea jicho mpaka unaona aibu. Miguu haimbebi na mkono wa kushoto umekaza. Sasa kuna klabu moja ya jogging (jina siweki, nusu yao wateja wangu) ikatangaza mbio za kilomita 5, wote mnakaribishwa, watoto wazee kila mtu na familia yake. Dada akanunua tisheti mbili, yake na ya mtoto. Kufika pale tunaambiwa mtoto atakaa kwenye turubai karibu na mgeni rasmi, atapigwa picha na atapewa zawadi. Nikasema mimi namsukuma kwenye kiti chake, wakasema hapana, usalama, mtawazibia wenzenu njia. Basi tukakaa. Kundi lilipoanza kuondoka mtoto akawa anapiga mkono kwenye kiti, pa pa pa, mpaka mtu wa mwisho akapotea kwenye kona, hapo akanyamaza. Zawadi ilikuwa juisi na biskuti. Hakuigusa.

Kesho yake kazi za watu niliziweka pembeni. Nikachukua rimu mbili za 26, mbele nikaweka rimu ya 16 ya baiskeli ya mtoto, fremu bomba la fenicha kanichomelea jirani, kiti ni kile cha mtoto cha kwenye gari nimekipata mtumba, mkanda wa gari kutoka skrepa, breki ya waya kwenye mpini. Mwanzo gurudumu la mbele niliacha lizunguke lenyewe, kwa kutembea safi kabisa ila ukianza kukimbia linatetemeka kama lina homa. Nikalichomelea litazame mbele tu. Ukitaka kukata kona unakandamiza mpini, mbele inanyanyuka kidogo, unageuza. Sasa linaenda kama treni.

Jumapili saa kumi na mbili alfajiri nikatoka nae Bombo kuelekea Raskazone. Aisee. Alipiga kelele za furaha mpaka walinzi wakatoka getini kuangalia kuna nini. Halafu kuna jamaa wa mazoezi akatupita, kelele zikakatika, nikasikia pa pa pa kwenye kiti. Ndo nikaelewa. Huyu kumbe matembezi hayataki, anachokataa ni kupitwa!

Kwa iyo nauliza, tukitaka kufanya mbio hapa Tanga ambazo watoto na watu wazima wenye ulemavu wanakimbia kweli, sio kukaa kwenye turubai, tunaanzaje? Nawaza mwezi wa saba, masika yamepita, kusi linavuma, jua sio la kuua. Karibuni.

mzee wa kashata

Siti ya mbele, kahawa chungu mkononi. Fundi hujaweka picha ya hicho chombo, ushaanza umangi meza

Kusi na Matlai

Fundi mimi nitakua mbaya wako leo. Umekasirika mtoto kuwekwa kwenye turubai apigwe picha, sawa, ila na wewe unamfunga mkanda unamkimbiza kilomita kadhaa halafu unakuja kutusimulia. Tofauti ni nini? Mtoto hawezi kusema nimechoka, hawezi kusema kiuno kinauma. Nimeona sana watu wazima wanatafuta sifa kwa migongo ya hawa watoto. Nani alimuuliza?

Fundi Spoku

Kusi na Matlai swali lako limeniuma na sikatai ni la haki. Kumuuliza tunamuuliza, ndio kwake ni macho juu, hapana anafumba, mama yake alimzoesha hivo tangu mdogo. Kabla ya kutoka nauliza, tukifika kwenye mti mkubwa nauliza tena. Juzi alifumba nikageuza tukarudi, kumbe alikua na njaa tu. Picha sijaweka na siweki mpaka dada aseme, mzee wa kashata utanisamehe.

Makorora Finest

Kuna baba na mwanae Marekani, Dick na Rick Hoyt, huu uzi umenikumbusha. Rick alizaliwa 1962 na mtindio wa ubongo, hawezi kuongea, wakamtengenezea kompyuta anachagua herufi kwa kugusa na kichwa. Mwaka 1977 ana miaka 15 akamwambia baba yake anataka kushiriki mbio za maili 5, kama kilomita 8 hivi, zilikua za kumchangia kijana mwanamichezo aliyepooza kwa ajali. Baba mwenyewe hakua mkimbiaji wa maana. Akamsukuma na kile kile kiti cha kawaida, wakamaliza wa pili kutoka mwisho. Kurudi nyumbani mtoto akaandika kwamba wakati wanakimbia alijiona kama hana ulemavu. Basi mzee hakuacha tena. Mashindano zaidi ya 1,000, Boston Marathon peke yake mara 32, ya mwisho 2014 mzee ana miaka 73. Dick alifariki 2021, Rick 2023.

Na wasidhani walikua wanakokotana tu nyuma huko, waliwahi kupiga marathoni kwa saa 2 na dakika 40. Wangapi kwenye klabu zetu za Jumapili wanaweza hiyo mikono mitupu

Kusi na Matlai

Aliyeomba ni mtoto. Umeona eeh. Hiyo ndo pointi yangu.

gurudumu_la_tatu

Nasoma hapa mpaka nimeamua kuingia. Mimi natumia kiti mwendo mwaka wa 14 sasa, ajali ya bodaboda, natoka Chumbageni. Fundi nakupongeza kwa mpwa wako ila naomba niseme kitu kabla hamjaenda mbali. SIO KILA MTU ANATAKA KUSUKUMWA. Mtoto ambaye mikono haimsaidii msukumeni, tena kwa kasi. Mimi nina mikono. Kila nikitoka barabarani anatokea mtu ananishika kwa nyuma bila salamu ananisukuma anadhani ananisaidia, siku moja kanipeleka mpaka upande wa pili wa barabara na mimi nilikua nasubiri bajaji upande ule ule niliokuwepo!! Mkija na mbio ambazo kila mwenye kiti kapangiwa kijana wa kumsukuma mimi sipo.

Watu hawajui tu, kiti cha mbio na mtu wa miguu nani anawahi kwenye marathoni? Marcel Hug wa Uswisi mwaka 2021 kule Oita Japani alimaliza kilomita 42 kwa saa 1 dakika 17 na sekunde 47. Marehemu Kiptum wa Kenya alipoweka rekodi Chicago 2023 alitumia saa 2 na sekunde 35. Yaani yule wa kiti angefika, akaoga, akala, ndo Kiptum anatokea kwenye kona. Ndo maana marathoni kubwa viti vinatangulia kuanza, wakianza pamoja wenye miguu watagongwa.

mzee wa kashata

Dakika arobaini na kitu 😳 hii sikua naijua, leo naenda kubishana kijiweni

Fundi Spoku

gurudumu_la_tatu umenifungua macho, mimi kichwani nilikua na mpwa wangu tu. Nikuulize kifundi, kiti chako cha kawaida kinakusumbua nini ukikimbia?

gurudumu_la_tatu

Magurudumu madogo ya mbele. Yanacheza, na yakiingia kwenye kishimo au mchanga unapigwa mweleka kifudifudi, nina alama kwenye kidevu. Pili uzito, hiki cha kwangu ni cha hospitali, chuma kizito, vya mbio vina kilo 8 mpaka 10 hivi. Tatu ambacho hutakijua mpaka ukae wewe, barabara zina mgongo, katikati juu pembeni chini ili maji yamwagike. Kiti kinavutwa pembeni muda wote kwa iyo mkono wa upande wa bondeni ndo unafanya kazi mara mbili. Ukimaliza kilomita tatu bega moja limekufa lingine linakushangaa. Vile vya mbio vina gurudumu moja la mbele, refu huko, na kuna kikwamisho unakigonga usukani unabaki umekata upande mpaka ugonge tena, yale ya nyuma yamelala juu ndani chini nje. Na hawashiki ringi kwa vidole, wanavaa glavu ngumu wanapiga kama ngumi.

Kihistoria na sisi tulipigania. 1975 Boston kijana mmoja wa kiti, Bob Hall, aliomba kushiriki, mkuu wa mbio akamwambia ukimaliza chini ya saa 3 tutakupa cheti kama wengine. Alimaliza saa 2 na dakika 58. Hakuomba juisi na biskuti.

Fundi Spoku

Hahaha sawa nimeelewa. Kikwamisho cha usukani nimeanza kukichora hapa kwenye boksi la tyubu.

Mwl wa Kitengo

Habari zenu. Mimi ni mwalimu, nafundisha kitengo maalumu kwenye shule ya msingi, wilaya moja hapa hapa mkoani. Watoto wangu wapo wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ualbino, wenye ulemavu wa akili. Niwaambie jambo ambalo linanikera, siku ya michezo ya shule ratiba ya hawa watoto ni kuimba. Kila mwaka kuimba. Nina binti ana ulemavu wa akili, huyo akitumwa kwa kukimbia anawaacha wavulana wa darasa la sita, lakini siku ya michezo anavalishwa kitenge anaimba.

Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, mkataba wenyewe ni wa 2006, ibara ya 30 inataja michezo kabisa, na inataja watoto kushiriki na wenzao shuleni. Mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu. Mwalimu mkuu nikimwonyesha ananiambia mwalimu hii ni nzuri sana, halafu ratiba inatoka, tunaimba.

Kuhusu mashindano, jifunzeni kwa Special Olympics, ile ya wenye ulemavu wa akili iliyoanza Chicago 1968. Wao mtoto anaanza kushindana akiwa na miaka 8, na kabla ya fainali wanakimbizwa kwanza wapimwe muda, halafu wanapangwa na wanaokaribiana nao. Kila kundi lina wa kwanza wake wa kweli na wa mwisho wake wa kweli. Hakuna kumfananisha anayekimbia na anayejikongoja.

dogo_wa_Sahare

Mi naona kila mtoto apewe medali tu yaishe, kwanini kuwashindanisha jamani 🥺

gurudumu_la_tatu

Kwasababu wewe ulishindanishwa ulipokua mdogo. Na ulishindwa, na uko hai.

Mama wa Duga

Nimesoma yote nikiwa nambembeleza wangu alale. Mwanangu ana miaka 7, alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, kawekewa mpira wa kutoa maji kichwani akiwa na miezi minne. Anaongea sana huyo, anauliza maswali mpaka unakimbia, ila miguu kuanzia magotini hana habari nayo. Wazo zuri Fundi mungu akulipe ila niwaulize nyie wenye kupanga, mimi nafikaje huko Raskazone? Daladala la kwanza konda akiona kiti anapiga mwili wa gari twende. Bajaji kutoka Duga asubuhi kwenda na kurudi ni hela ya mboga ya siku mbili. Nina pampasi za kubeba, maji, nguo za kubadili, na mdogo wake mgongoni maana hakuna wa kumwachia. Na huko kwenye mbio choo kipo? Choo ambacho naweza kuingia na mtoto wa kilo ishirini sakafuni kukavu nikambadilisha? Kama hakipo mimi siji, na sio kwamba sitaki.

Na jambo la pili, mwanangu hasikii maumivu chini. Nilimwacha siku moja amekaa kwenye kitu kigumu saa mbili tu, kidonda kimechukua miezi mitatu kupona.

Fizio wa Mwambao

Mama wa Duga umesema kuliko vitabu. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa watoto, naomba niongezee kwa Fundi maana naona ana mkono.

Mtoto asiyesikia maumivu, kiti kiwe na sponji nene sio godoro la mtumba lililolala, kila nusu saa anyanyuliwe kidogo, na ukimtoa angalia ngozi ya makalio na visigino, ukiona wekundu usiopotea usimrudishe siku hiyo. Mwenye mpira kichwani shingo iegemezwe vizuri na njia isiwe ya mawe ya kumrusha, akianza kutapika au kusinzia isivyo kawaida hiyo sio uchovu wa mbio, hospitali. Mwenye kifafa hakikisheni kameza dawa asubuhi hiyo na msukumaji anajua la kufanya. Halafu kitu wasukumaji wanakisahau kila siku, wewe unakimbia unatoka jasho upepo unakupoza, mtoto amekaa jua limempiga usoni na miguuni na hawezi kusogea. Kofia, maji kidogo kidogo kwa wale wanaomeza bila kupaliwa, na mpini uwe na kamba ya kuvaa kwenye mkono wako ili ukijikwaa kigari kisiondoke peke yake kuelekea baharini.

Fundi nina zawadi kwako. Kuna kitu kilianza Denmark miaka ya 90 mwanzoni kwa ajili ya wenye mtindio wa ubongo, ni kama baiskeli ya magurudumu matatu isiyo na pedeli wala mnyororo. Mtoto anakaa kwenye tandiko, kifua kinaegemea bamba lenye sponji, mikono inashika usukani, miguu inakimbia chini yenyewe. Mtoto asiyeweza kusimama peke yake lakini miguu inapiga, hiyo inamwezesha kukimbia bila kushikwa na mtu. Siku hizi mpaka mashindano ya dunia wanayo. Nina watoto wawili watatu hapa ninaowafikiria nikiandika.

Fundi Spoku

FIZIO UNGESEMA MAPEMA. Hiyo ni fremu ya baiskeli ya kike imekatwa nyuma ikatanuliwa. Nipe kipimo cha kutoka makalio mpaka unyayo cha mmoja wa hao watoto. Nipe leo.

Bwaga Moyo

Bagamoyo tunawaonea wivu, huku sisi mchanga. Mtu akija na kiti ufukweni gurudumu linazama mpaka nusu, mtu akipita Mji Mkongwe vichochoro na ngazi. Mwaka jana tulimsukuma babu yetu aliyekatwa mguu kwa sukari kwenda Kaole kwenye magofu, wajukuu sita tumebadilishana, babu anatoa amri kama nahodha wa jahazi. Alifurahi lakini akasema mwakani nataka kwenda mwenyewe. Ana miaka 70 huyo. Fundi unatuma vyombo na huku? Tairi nene kama la guta ndo linaweza mchanga wetu.

Kamba Moja

Naona wasioona wamesahaulika, mwalimu kagusia tu. Mimi macho ninayo, ila namuongoza rafiki yangu asiyeona kukimbia mwaka wa tatu huu, tunashika kamba fupi, yeye mkono wa kulia mimi wa kushoto. Watu wanadhani ni kumvuta. Kumvuta ni kosa, kwenye mashindano makubwa ukimvuta mnaondolewa, na anatakiwa yeye avuke mstari kabla yako. Kazi yako ni kulingana nae hatua kwa hatua na kuongea, shimo kushoto, tuta hatua tatu, bodaboda inakuja. Siku nikiwa na mafua hatukimbii maana sauti ndo macho yake.

Na tusichukulie poa kwamba asiyeona ndo mzigo. Henry Wanyoike wa Kenya, macho yalizima 1995 ana miaka 20 na ushee, Paralimpiki ya Sydney 2000 mita 5,000 mwongozaji wake akaishiwa nguvu kabisa, ikawa asiyeona ndo anamburura mwenye macho mpaka kwenye mstari wakachukua dhahabu 😂 mimi rafiki yangu ananikumbusha hiyo kila tukipanda kilima.

Kwa vitendo, klabu ikitaka kuanza ianze hata kesho, inatakiwa kamba ya kiatu na mtu mwenye pumzi kuliko yule anayemuongoza. Hilo la pili ndo gumu.

Kimya Kingi

Mimi kiziwi. Naandika kiswahili changu kama lugha ya alama mtanisamehe. Mbio mimi nimekimbia nyingi, miguu mizima, pumzi nzima. Tatizo mwanzo tu. Wao piga filimbi, mimi naangalia jirani, jirani aondoke ndo mimi naondoka, mimi wa mwisho kila siku. Tafadhali tumia bendera. Bendera chini wote kimbia. Wasikiaji hawapotezi kitu.

Kusi na Matlai

Bendera. Miaka yote hii. Kitambaa tu jamani.

Mwl wa Kitengo

Na muanze mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, wale wenye ualbino saa tatu jua la Tanga hata mwezi wa saba sio rafiki, kofia pana na mikono mirefu na mafuta ya jua kabla ya kutoka nyumbani sio mkishafika. Na wengi wao uoni ni hafifu kwa iyo alama za njia ziandikwe kubwa, rangi zinazopingana, sio karatasi nyeupe imebandikwa kwenye ukuta mweupe kama tangazo la msiba.

msema_kweli_TNG

Hela mnatoa wapi? Mnaota tu hapa

gurudumu_la_tatu

Halmashauri ina ile asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ndani yake ni yetu wenye ulemavu. Sio ya kufanyia sherehe najua. Lakini kikundi cha wenye ulemavu kinachotengeneza vigari na viti pamoja na fundi mmoja wa Ngamiani asiyelala ni biashara, hiyo wanakopeshwa. Mimi kwenye kiti nipo, hesabu naweza, uchomeleaji niliufanya kabla ya ajali. Fundi njoo PM.

Na mbio zenyewe za kwanza zinahitaji hela ya nini? Tisheti tuache. Mgeni rasmi tuache. Turubai ndo kabisaa.

Mama wa Duga

Turubai muweke, ila la kubadilishia watoto, lenye mkeka na pazia. Hilo sio la mgeni rasmi.

gurudumu_la_tatu

Mama umenishinda.

Makorora Finest

Kule London mwaka 2004 walianzisha mbio za bure za kilomita 5 kila Jumamosi kwenye bustani, siku hizi ziko nchi nyingi, na kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma kabisa, yeye ndo wa mwisho kila wiki. Kwa iyo mtu hata akikokota, hamalizi wa mwisho. Mimi naomba hiyo kazi. Kitambi changu kinaniruhusu.

Fundi Spoku

Basi wakuu tusisubiri mwezi wa saba, Jumapili hii tujaribu, kilomita 2, Bombo kwenda Raskazone, saa kumi na mbili na nusu. Anayekuja aje.

*

Fundi Spoku

Wakuu mrejesho, samahani nimechelewa nilikua nimelala, mwili wote unauma.

Tulikua watu 31. Nilitegemea sita. Gurudumu_la_tatu alifika wa kwanza amevaa glavu za kuchomelea. Kamba Moja na rafiki yake. Kimya Kingi alikuja na bendera yake mwenyewe, kitambaa cha kijani, hakutuamini. Mwalimu na yule binti wa kuimba. Mama wa Duga alikuja na bajaji, kuna mtu humu kalipia nauli kimya kimya mwenyewe anajijua. Mtoto wake aliniuliza maswali arobaini kuhusu rimu.

Mabaya niseme yasije kusemwa na wengine. Tyubu ya kushoto ya kigari ilipasuka tukiwa tumebakiza mita mia tatu, na mimi ndo fundi! Mkeka wa kubadilishia upo ila pazia tulisahau tukashikilia khanga. Bodaboda wawili walipita katikati yetu wakipiga honi. Yule binti wa mwalimu alipofika kwenye mstari hakusimama, mwalimu alimkuta karibu na klabu ya kuogelea huko, alikua anaendelea tu, hakuna aliyemwambia mbio zina mwisho.

Gurudumu_la_tatu alimaliza wa tatu kwa jumla. Na hicho kiti chake cha chuma. Bega kalifunga barafu, ananitukana kwa meseji kuhusu mgongo wa barabara kana kwamba nimeijenga mimi.

Sasa mpwa wangu. Tumeanza vizuri, kelele kama kawaida. Halafu watu wakaanza kutupisha. Wema wao, wanapunguza mwendo, wanapiga makofi, "pita baba pita". Mita kama mia nne tumepita watu kumi na mbili na kila tukipita mtoto anazidi kupoa. Nikachungulia, amefumba macho. Mnakumbuka kufumba ni nini. Nikaanza kupunguza nigeuze tuondoke, na koo limenikaba kusema kweli, kwamba Kusi na Matlai alikua sahihi na mimi ndo nimemburuza.

Hapo hapo akatokea kijana nyuma, simjui, kaptula ya bluu, Coastal Union mgongoni, anapumua kama injini ya jahazi, akatupita bila hata kutuangalia. Bila pole wala makofi. PA PA PA PA kwenye kiti! Macho yakafunguka akanigeukia kunitazama kama ananiambia umelala? Wakuu nilikimbia. Sijakimbia hivo tangu shule ya msingi. Tumemkaribia, akasikia magurudumu akaongeza, na sisi tukaongeza, mtoto anapiga kelele, mimi naona nyota, ndo tyubu ikapasuka.

Katupita. Tulifika tunaburuta rimu. Mtoto amekasirika mpaka jioni hakutaka kula ugali kwa mkono wangu, alilishwa na mama yake.

Kusi na Matlai

Nilikuwepo Fundi. Nilikua upande wa pili wa barabara na baiskeli, sikutaka mnione. Jumapili ijayo nalinda bodaboda kwenye ile njia panda, nina filimbi na, sawa Kimya Kingi, bendera.

Fizio wa Mwambao

Fundi ile fremu isiyo na pedeli imefika wapi? Nina mtoto hapa kila siku anauliza.

Fundi Spoku

Imebaki bamba la kifua tu, Ijumaa mlete ajaribu.

Na wewe kijana wa kaptula ya bluu, kama upo humu au kuna anayekufahamu, nimeshaweka tyubu mpya. Jumapili saa kumi na mbili na nusu, pale pale Bombo. Mtoto anakutafuta.